Kadi ya Eli Bado Iko Kwenye Kamba

Mama,

Shikamoo. Nimeitikia marahaba mwenyewe kwa niaba yako, kwa sauti, hapa mezani, na paka ameniangalia kidogo kisha akatoka nje. Nyumba nzima ya sasa ndiyo hiyo, mimi na yeye.

Nikupe kwanza habari za nyumbani, maana ungeniuliza hizo kabla sijavua viatu. Yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Mgomba wa karibu na choo ulianguka na mkungu wake, nikapika mtori nikala peke yangu siku nyingi mpaka nikauchukia. Masale tuliyopanda kaburini kwako yameshika yote, yanatoa majani mapya. Na mende wameingia kwenye albamu zako. Nilikwambia mara ngapi, Mama, kwamba gundi ya unga wa ngano ni chakula kama uji mwingine, na wewe ukanijibu kwamba mende naye ni kiumbe wa Mungu. Basi kiumbe wa Mungu amemla Baba Mdogo Aminieli kwenye picha ya kipaimara chake, kuanzia viatu mpaka tai. Kichwa amekibakiza.

Nilicheka peke yangu, halafu nikageuka kukuonyesha. Bado nageuka. Hilo hakuna aliyenionya kwamba litaendelea hivi.

Sasa nimemaliza kuzungukazunguka. Krismasi imepita, mwaka mpya umepita, waliopanda mlimani kutoka Dar na Arusha wameshateremka na magari yao yamejaa ndizi, na kadi ya Eli bado iko kwenye kamba. Kaka hakuja. Nilijaribu, Mama, na nataka nikueleze nilivyojaribu, kwa sababu sina mtu mwingine anayejua kadi ile ilikuwa na uzito gani.

Juzi niliitaja kamba yako kazini, pale steshenari, na binti ninayeuza naye akadhani nasema kamba ya kuanikia nguo. Nikamweleza. Nikamwambia kwetu Old Moshi kila nyumba inangoja watu wake Desemba, lakini nyumba yetu ilikuwa inangoja kwa kamba ya katani, kutoka msumari wa kalenda hadi msumari wa picha ya Baba, na kwenye kamba kadi ya kila mtoto na kila mjukuu, zimeshikwa kwa vibanio vya nguo. Hakuna kupewa. Unaingia mlangoni na vumbi lako, unasalimia, unakwenda kwenye kamba, unachukua yako kwa mkono wako. Asiyekuja, kadi yake inakaa palepale baada ya sikukuu, inamwangalia kila anayekula. Binti akaniuliza kwa nini hukuwa unatuma tu kwa WhatsApp, kuna kadi nzuri za maua yanayometameta. Niligeuka nikamwuzia mteja bahasha.

Wewe na makaratasi yako. Watu wa usharika walidhani ni wazimu mtamu wa uzeeni, kumbe ulianza ukiwa bado na meno yote. Kadi za harusi za watu ukishakula pilau yao ulirudi nazo, ukakata maua ukaacha majina. Kalenda za mwaka jana, pakiti za majani ya chai, karatasi za ndani za mifuko ya saruji, maganda ya migomba yaliyokauka vizuri yenye rangi ya kahawa na ya maziwa. Maua ya kahawa uliyakausha katikati ya kitabu cha nyimbo, na mwenye kufungua wimbo wa toba alipata ua usoni. Mimi nilikuletea mabaki ya manila kutoka dukani, vipande vya pembeni ambavyo bosi alitaka kuchoma. Na hukuwahi kutupa kipande. Makopo ya biskuti, maboksi ya sabuni, yote chini ya kitanda yamejaa vinyuzi na pembe za karatasi. Nikikwambia tuchome, ulisema, "Kila kipande kina siku yake."

Unakumbuka mnada wa mavuno? Wenzako wameleta mikungu, majogoo, maziwa ya mgando kwenye vibuyu, na wewe umepanga kadi zako kwenye ungo. Watu wakacheka chinichini. Halafu mchungaji akainua moja juu, ile ya mlima uliotengenezwa kwa maganda ya mgomba na kilele cha pamba, na watu wakaanza kushindana kwa bei. Ulirudi nyumbani umenyoosha shingo. Siku ile niliona kwamba kazi hii haikuwa mchezo kwako. Ulikuwa unampenda mtu kwa mkasi, maana kwa mdomo ilikushinda.

Na kwa mkasi huohuo ndipo ulipoharibu. Nisamehe, nalisema wazi kwa sababu ukiwa hai hatukulisema hata siku moja.

Picha ile ilipigwa Krismasi, hapo nje kwenye ngazi. Mpiga picha alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na kamera yake, akatupanga: wewe kwenye kiti, mimi pembeni nimefumba macho kama kawaida yangu, na Eli amesimama katikati amembeba Haika, wajina wako, mjukuu wako wa kwanza, kwenye gauni la njano. Mikono ya Eli ilikuwa imefungana mbele ya tumbo la mtoto. Alikuwa anamwonyesha kwa watu, huyo huyo kaka yangu asiyependa picha. Masika yaliyofuata homa ikamchukua Haika. Kwa siku chache tu, huko huko Chekereni walikokuwa wanaishi, kwenye mashamba ya mpunga, wala hawakuwahi kumpandisha kuja kwetu. Walimleta akiwa amefunikwa, tukamzika hapa kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, chini ya migomba.

Hakukuwa na picha nyingine. Simu ya Eli ilikuwa ya tochi, na mpiga picha nilipomtafuta alikuwa ameshafuta. Ilikuwa hiyo moja, kwenye kabati lako.

Najua ulichokuwa unafikiri. Nilikuona ukifanya kazi ile wiki nzima, huongei, hutaki chai. Ulitengeneza ukurasa wa albamu ambao sijaona mzuri kuliko huo. Ua kubwa la maganda ya mgomba, petali moja moja, maua ya kahawa pembeni, na katikati ya ua Haika na gauni lake la njano, na mkanda mdogo wa ganda umepita kiunoni kwake. Ulitaka kumpa Eli mtoto wake akiwa ndani ya ua. Ulimngoja aje kumwekea mtoto msalaba, ukamfungulia albamu mezani ukiwa umefuta mikono kwenye kanga.

Eli aliangalia ukurasa, akakuuliza picha iko wapi. Ukampa. Ukampa tu, Mama, kwa moyo mweupe, ukadhani anataka kulinganisha. Kwenye picha wewe umekaa, mimi nimefumba macho, na katikati kaka amesimama na tundu kifuani.

"Umemkata mwanangu," akasema. Hakupandisha sauti. Akaiweka picha yenye tundu ndani ya shati lake, akateremka, na toka siku ile hakukanyaga sebule hii tena.

Ulitakiwa kumfuata. Hilo tu. Chekereni si Ulaya, ni hapo chini, siku ya anga safi tunaona maji ya majaruba yakimeta tukiwa tumesimama kwenye ngazi. Badala yake ukaingia chumbani ukaanza kadi. Kila Desemba kadi ya Eli ilizidi zote kwa uzuri, na kila Januari ilibaki kwenye kamba, ukaishusha, ukaichambua, ukaanza nyingine juu yake. Mwaka huu dirisha linalofunguka, mwaka mwingine kanisa lenye mlango. Nikikwambia nipe niipeleke mimi, ulisema, "Bado, haijakamilika." Magoti yalipoanza kukusumbua ulipata sababu nyingine, lakini mimi najua hata magoti yalipokuwa mazima hukwenda.

Ya mwisho ndiyo iliyonipa matumaini. Nilikukuta umekata isale, jani la yale masale ya mpakani, na moyo wangu ukaruka, maana wewe ndiye uliyenifundisha tangu mdogo: ukimkosea mtu unakata isale, unalifunga fundo, unalifikisha kwake au unamtuma mtu mzima alifikishe, na aliyeletewa hana ruhusa ya kulikataa, hata kama kosa ni la damu. Nikasema moyoni, sasa Mama ameamua. Kumbe unalitia katikati ya Biblia likauke. Ulilikausha, Mama, kama ua la kahawa, ukalibandika ndani ya kadi, likakaa pale zuri, limenyooka, rangi ya chai. Na kadi bado hukuituma. Pembeni palikuwa pameachwa nafasi ya kitu ambacho hukuniambia ni nini.

Ukafa masika, asubuhi, uji wako ukiwa bado na moto.

Eli alikuja kuzika. Nilimwona akipita kwenye migomba na wanaume wengine, amevaa koti lililombana, amezeeka. Alitupa udongo wake. Watu walipoanza kuelekea nyumbani kula, nilimshika mkono, nikamwambia aingie hata dakika moja, kuna kitu chake kwenye kamba. Nilikuwa nimeitundika tangu alfajiri ingawa haikuwa Desemba. Aliangalia mlango, akaniangalia mimi.

"Nimekuja kuzika, Aichi. Sikuja nyumbani."

Nilirudi nikahudumia wageni. Nilikata nyama, nikagawa sahani, na kila aliyepita chini ya kamba aliinamisha kichwa asiguse kadi ile.

Niliishi na jambo hilo mpaka mvua za vuli. Halafu siku moja Baba Mdogo Aminieli alikuja kuangalia mpaka, nikamtolea mbege kidogo, nikamwonyesha kadi. Nilitaka aipeleke yeye kama mzee wa ukoo. Aliishika kwa mbali, bila miwani yake, akalitazama jani lile muda mrefu. Akasema, "Isale halikaushwi, mwanangu. Likikauka ni jani tu." Nikamwuliza je, tukikata bichi. Akasema anaombewa msamaha mtu aliye hai, yeye hajaona isale la marehemu likibebwa, na kama nataka kubeba nibebe mwenyewe, yeye miguu yake imekwisha na huko chini kuna joto. Alimaliza mbege akaenda zake.

Basi nikabeba mwenyewe. Wewe ulijua kutengeneza, mimi nikasema nitajua kwenda.

Lakini kwanza nikafikiria jambo, na nilijiona nina akili kweli. Nikasema, kosa lilikuwa kumtoa Haika kwenye picha, basi dawa ni kumrudisha. Nimtoe kwenye ua, nimpeleke Chekereni pamoja na isale, Eli ana picha yenye tundu, tumweke mtoto mahali pake, yaishe. Nikachemsha maji, nikaushikilia ukurasa kwenye mvuke wa birika, nikaanza kuingiza kisu cha mkate chini yake polepole. Gundi yako iliachia vizuri. Petali zikatoka, kichwa kikatoka, kifua kikatoka. Nikafika kwenye ule mkanda wa ganda la mgomba kiunoni, nikaubandua.

Chini ya mkanda hapakuwa na kitu.

Nilikaa na birika linachemka. Hukumkata Haika mara moja, Mama, ulimkata mara mbili. Mikono ya Eli ilikuwa mbele ya tumbo lake, na hukutaka mikono ya mtu kwenye ua lako. Ukachukua juu, ukachukua chini, ukaunganisha kwa mkanda, na katikati, pale baba yake alipomshika, ukapaondoa. Ulifanya kwa ustadi mpaka miaka yote hii sikujua, na nilikuwa nafungua ukurasa ule kila Jumapili.

Ningeweza kuacha. Nilijiambia labda hataona, labda vipande vitakaribiana. Nikavitia kwenye bahasha safi ya dukani, nikaenda kaburini kwako, nikakata isale bichi kwenye yale masale yako mwenyewe. Nililifunga fundo pale pale, nikakuambia kwa sauti ninapokwenda. Nilifikiri isale lililoota juu yako linaweza kuhesabika kuwa limetoka mkononi mwako.

Nilimkuta Eli anatoka shambani, miguu ina tope mpaka magotini. Wifi alinikaribisha, akaniwekea kiti, akatengeneza chai, kisha akaona nilichoshika akatoka nje taratibu na kuvuta mlango. Nyumba yao ni safi, chumba cha mbele kina meza moja yenye kitambaa cha plastiki chenye picha za matunda. Na ukutani, Mama, kwenye fremu yenye kioo, ipo picha ile. Wewe umekaa, mimi nimefumba macho, na yeye na tundu lake. Wageni wote wa nyumba ile wanakunywa chai mbele ya tundu lile. Sikujua niangalie wapi.

Nilisimama nikamnyooshea isale, nimelifunga kwenye kanga, kwa mikono miwili. Alilitambua hata kabla sijafungua kanga. Alinawa mikono kwanza, akaifuta, akalipokea kwa mikono miwili, kwa sababu Eli ni mtoto uliyemlea wewe na mila anazijua.

"Nimelipokea," akasema, "kwa kuwa umelileta wewe. Yeye alikuwa na miguu miaka yote ile."

Nilitaka kumwambia kuhusu kadi, dirisha linalofunguka, kanisa lenye mlango. Nilimwambia kweli, nikaongea sana, nikaona maneno yanatoka yanaanguka kwenye sakafu. Yeye alinisikiliza kwa adabu. Mwisho nikatoa bahasha.

Aliposikia ndani yake kuna nini, alishusha fremu ukutani haraka, akageuza, akatoa misumari midogo kwa kisu, akaitoa picha na kuilaza mezani. Sijamwona ana haraka namna ile tangu utoto. Akaweka kichwa na kifua cha Haika, akavisogeza kwa ncha ya kidole mpaka vikakaa. Vilikaa sawa kabisa, Mama. Uliukata ule mstari vizuri. Kwa muda kidogo mtoto alikuwa na uso, kifuani kwa baba yake, anatutazama, na Eli akatoa sauti ambayo sitaiandika. Akaweka miguu na soksi zake. Kisha akabaki na kidole hewani, anangoja kipande cha katikati, na mimi sina.

Alitikisa bahasha. Akachungulia ndani. Pale katikati pakaonekana kitambaa cha meza, nusu ya chungwa.

"Mikono yangu iko wapi, Aichi?"

Aliniuliza kwa upole. Ningependa angenitukana. Nilisema sijui, nitaitafuta. Akainamisha kichwa, akakusanya vipande vile akavirudisha ndani ya bahasha, akanirudishia bahasha, akaifunga picha kwenye fremu ikiwa na tundu lake, akaitundika ukutani. Alinyoosha fremu isipinde. Akaniuliza kama nimekunywa chai.

Desemba nilitundika kamba. Dada alikuja na wanawe kutoka Arusha, akachukua kadi zao nilizotengeneza mimi, akasema gundi imetoka pembeni, nikasema ndiyo. Tulipika machalari ya ndizi, tukachinja, watoto wakakimbia mpaka mfereji wakarudi wameloa. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani nilitoka na mwiko mkononi. Siku ya mwaka mpya Wifi alinipigia simu kunitakia heri. Nikamwuliza isale liko wapi. Akasema Eli alilichomeka juu ya mlango kwa ndani, na joto la huku unalijua, limekauka.

Basi hivyo ndivyo nilivyojaribu. Baba Mdogo anasema mila imetimia, isale limepokelewa, mengine ni ya Mungu. Mchungaji anasema muda huponya. Mimi ninayekaa chini ya kamba naona muda umepita mwingi na hakuna ulichoponya. Naona sebule ina viti vya watu wengi. Nikifa mimi, sijui nani atashusha kadi ile, na atadhani ni pambo.

Nimeanza kupekua maboksi yako. Hukuwahi kutupa kipande, hilo ndilo linalonitesa, maana mtu mwingine angetupa na mimi ningelala. Kila jioni nikishapanda kutoka mjini navuta boksi moja kutoka chini ya kitanda, namwaga kwenye ungo, nachambua kama mchele. Nimepata nusu ya bwana harusi nisiyemjua. Nimepata macho yangu mwenyewe, yaliyofumba, kutoka picha nyingine. Nimepata kijipande cha njano cha gauni la Haika, kidogo kuliko ukucha, na nikakaa nacho kiganjani mpaka chakula kikaungua. Mikono sijapata. Boksi la sabuni la mwisho, lile la ukutani kabisa, panya walizalia humo, na yaliyomo ni vumbi na manyoya. Nimeliacha kwa mwisho. Nadhani najua imo humo, na nadhani ndiyo maana nimeliacha.

Kadi yako ya mwisho sijaimaliza. Ile nafasi uliyoacha pembeni nimeiacha wazi. Nimewaza labda uliiacha kwa ajili ya mikono, kwamba ulikuwa unaitafuta wewe pia, na ndiyo sababu ya ile "bado, haijakamilika" yako ya miaka yote. Nataka sana kuamini hivyo. Ukurasa wa Haika nao uko wazi, ua bila mtu. Sitaweka kitu.

Nakuaga, Mama, paka amerudi na nje giza linaingia kwenye migomba. Nakuahidi jambo moja. Lile boksi la panya nitalimwaga, na vumbi lake nitalipepeta. Nikiipata mikono ya Eli, hata kidole kimoja, sitakizungushia ua, sitakikausha, sitakingoja kikamilike. Nitatoka nacho saa hiyo hiyo, na kandambili zangu, niteremke Chekereni.

Nisipokipata, Desemba nitafunga kamba kama kawaida, kadi yake kwenye kibanio chake, na mimi nitaketi chini yake nile.

Lala, Mama. Mkasi wako nimeufunga kwenye kanga, nimeuweka juu ya kabati.

Mwanao,
Aichi